Mkaguzi na Sahani ya Safari

Kisa hiki ni cha rafiki yangu wa miaka mingi, naye ameniruhusu nikisimulie mradi nisimtaje jina. Nitamwita Mkaguzi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake: hutumwa wilaya hadi wilaya kukagua vitabu vya hesabu. Makao yake ni Dodoma, lakini kwa miaka mingi mwezi ulikuwa ukimwishia barabarani. Leo Singida, kesho Tabora, mara Morogoro, mara Kigoma, halafu semina ya wiki nzima katika hoteli fulani, ndipo arudi nyumbani kubadilisha nguo na kuondoka tena. Hivi sasa Mkaguzi ana vidole vinane vya miguu. Viwili vilikatwa hospitali, na hakupata ajali yoyote.

Naomba msomaji asiharakishe kumwita mlafi. Nimekula naye mara nyingi, nami nakuhakikishia kuwa si mtu wa kugombea mapaja ya kuku. Kosa lake lilikuwa dogo na la kawaida kabisa, na ndiyo sababu linanitisha: alikula alichowekewa, kila alipowekewa. Nyumbani sufuria ina mwisho, na kuna watoto wanaosubiri zamu yao. Safarini hakuna anayesubiri. Anayepakua ni mwingine na anayelipa mara nyingi ni ofisi. Wewe kazi yako ni kumaliza tu, na sisi wengi tulilelewa kuona haya kubakiza chakula.

Hebu tuiangalie siku yake moja ya semina, maana wengi wetu tumewahi kuiishi. Asubuhi kifungua kinywa kimeshalipiwa pamoja na chumba: supu ya mbuzi, chapati mbili, yai, glasi ya juisi ya embe. Saa nne inaletwa chai, nayo haiji peke yake. Kuna sambusa, kuna vipapatio vya kuku, kuna vitumbua. Saa saba ni bafe: pilau, na wali mweupe pembeni kana kwamba pilau si wali, ndizi za nazi, nyama ya mchuzi, kuku wa kukaanga, mchicha kijiko kimoja kwa ajili ya heshima, na soda. Saa kumi chai inarudi, safari hii na keki. Jioni wenzake wanamgongea mlango twende kwenye nyama choma, naye ataanzaje kukataa? Nusu kilo ya mbuzi, ndizi choma, kachumbari, na bia mbili au tatu, kwa kuwa kila aliyekaa mezani lazima azungushe raundi yake.

Baada ya kutoka hospitali tuliketi tukapiga hesabu ya siku hiyo kwa kukadiria. Mwanaume wa makamo anayeshinda kwenye kiti huhitaji kalori kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Chapati moja ya mafuta inaweza kufika 250 au 300. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari takriban gramu 35, ambazo ni karibu vijiko tisa vya chai. Ukumbuke kwamba mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Chupa moja tu imeshavuka. Bia ya nusu lita ina kalori zipatazo 200. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia ni 120, nawe hujui mpishi alimimina vijiko vingapi. Tulipofika kalori 4,000 tulikuwa hata hatujaanza kuhesabu bia. Mkaguzi aliweka kalamu chini akasema, “Hesabu hizi ningeziona kwenye kitabu cha halmashauri, ningeandika hoja.”

Hapa niseme neno kuhusu mafuta, kwa sababu yalimponza. Mtu alimwambia aepuke mafuta ya wanyama, naye akashika ushauri huo kwa uaminifu. Akifika Singida, kwenye alizeti na kuku wa kienyeji, alikula kuku wa kukaanga kwa amani ya moyo. Ni kweli kwamba kwa afya ya moyo alizeti ni bora kuliko samli au mafuta yaliyogandishwa. Lakini kwa upande wa kalori mafuta yote ni ndugu: gramu moja hutoa kalori 9, iwe ya alizeti, ya nazi, ya mawese au ya ng’ombe. Wanga na protini hutoa 4. Ndiyo sababu viazi vilivyochemshwa, gramu 100, vina kalori zisizofika 90, na vilevile vikigeuka chipsi vinakaribia 300. Weka mayai mawili juu, kaanga tena, na sahani ya chipsi mayai ambayo vijana huiita zege inaweza kukupa kalori 900 kabla hujaagiza cha kunywa.

Simlaumu mama lishe. Sahani yake imepimwa kwa ajili ya mbeba mizigo wa sokoni na dereva wa bodaboda, watu wanaofanya kazi ya kutoka jasho tangu alfajiri, na mteja wake akiondoka na njaa kesho hamwoni. Halafu anaingia bwana wa ofisini, aliyetoka kwenye kiti kwenda kwenye kiti, anapewa sahani ileile. Tena kuna sababu ya kibiashara ambayo haina ubaya wowote ndani yake: nyama ni ghali, wali na ugali ni rahisi. Mwenye mgahawa akitaka uone umepewa kingi, ataongeza kilicho rahisi. Kwa hiyo mlima wa wali, vipande viwili vya nyama, na mboga pembeni mahali palipobaki.

Tena sahani kubwa hutudanganya sote, wenye akili na wasio nayo. Mwaka 2002 mtafiti Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio lao. Waliwapa watu wazima chakula kilekile cha tambi na jibini kwa siku tofauti, mara gramu 500, mara nyingine zaidi, hadi gramu 1,000. Waliowekewa sahani kubwa kabisa walikula takriban asilimia 30 zaidi ya walivyokula kwenye ndogo, na hawakusema wameshiba zaidi. Wasiozidi nusu yao ndio waliogundua kuwa kipimo kilikuwa kinabadilika. Nilipomsomea Mkaguzi habari hiyo hakushangaa hata kidogo.

Nije sasa kwenye dalili, maana zilikuja nyingi na kwa sauti ya kutosha. Kila moja ilipata maelezo mazuri, na mtu mwenye maelezo mazuri hana haja ya daktari.

Ya kwanza ilikuwa suruali. Fundi cherehani wake alipanua kiuno mara ya kwanza, akapanua mara ya pili, mara ya tatu akamwambia, “Mzee, hapa kitambaa kimeisha.” Wakacheka wote wawili. Mtaani watu walimwambia amenawiri, kwamba posho imemkubali. Kwetu kitambi bado ni cheo cha aina yake, na ni vigumu kwa mtu kuogopa kitu ambacho watu wanakisifia. Lakini madaktari huanza kuwa na wasiwasi kiuno cha mwanaume kinapofika sentimita 94, na wasiwasi huongezeka sana kinapopita 102. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Utepe wa fundi ulikuwa ukisema jambo hilo kila alipopimwa.

Ya pili ilikuwa kukoroma. Dereva wa ofisi, kijana mwenye adabu, aliomba kwa upole asilale tena chumba kimoja na mzee. Mchana Mkaguzi alisinzia kwenye vikao. Akasema ni uchovu wa safari, na nani angebisha? Barabara alikuwa akizila kweli.

Kisha kiu. Alikuwa akinywa na bado kinywa kikavu. Usiku aliamka kwenda chooni mara tatu, mara nne, na kwenye basi ilibidi amwombe kondakta gari lisimame watu wachimbe dawa kabla ya kituo. Alilaumu jua la Tabora. Ubaya wa dalili hii ni kwamba ilijilisha yenyewe: kiu aliituliza kwa soda na juisi. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huisukuma nje kupitia mkojo, nayo hutoka na maji mengi. Mwili unadai maji, mtu anaupa soda, sukari inapanda, kiu inarudi na nguvu mpya.

Alipokwenda kumsalimia mama yake Kondoa, bibi yule alimwita pembeni. “Mwanangu, mbona ukitoka chooni sisimizi wanajaa?” Akamjibu kwamba hizo ni imani za kizamani. Mama hakuwa na imani yoyote, alikuwa na macho. Sukari ilikuwa kwenye mkojo na sisimizi waliifuata. Katika wote waliomzunguka, wakiwamo wenye shahada, mama asiyejua kusoma ndiye aliyekaribia zaidi kutaja ugonjwa kwa jina lake.

Macho nayo yakaanza ukungu. Siku nyingine aliona vizuri, siku nyingine tarakimu zilicheza kwenye karatasi. Umri, akasema, na akanunua miwani kwa machinga kituo cha basi cha Msamvu. Baada ya muda ile miwani haikufaa, akanunua nyingine. Sukari inayopanda na kushuka hubadilisha lenzi ya jicho, kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha miwani mara kwa mara bila kupata nafuu.

Na dalili iliyowapoteza wote ilikuwa hii: akaanza kupungua. Shingo ikaonekana, suruali zikalegea bila fundi. Wenzake wakampongeza, wakamuuliza siri. Naye akaamini kwamba mwili umejirekebisha wenyewe, hivyo hakuna haja ya kupunguza kitu mezani. Hili ndilo linalonifanya niandike kwa hofu, kwa sababu sijui kama mimi ningeona tofauti. Tangu lini mtu mnene akaambiwa kuwa kukonda ni hatari? Lakini mtu anayekonda ilhali anakula kama kawaida, ana kiu na anakojoa sana, huyo mwili wake umeshindwa kuitumia sukari iliyomo kwenye damu, sasa unakula akiba yake.

Onyo la mwisho lilikuwa la maandishi. Mwezi wa nane alipita kwenye viwanja vya Nanenane, Nzuguni, akakuta banda la kupima afya bure. Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akarudia. Sukari ilikuwa juu ya milimoli 13 kwa lita. Akamwandikia karatasi na kumwambia, “Baba, kesho uende hospitali. Usikae.” Mkaguzi akajieleza kwamba ametoka kula muda si mrefu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Lakini mtu mzima, hata awe ametoka kula, hatakiwi kufika 11.1, na asubuhi kabla ya kula chochote kikomo cha kuitwa kisukari ni 7. Karatasi aliitia kwenye mfuko wa shati. Mkewe aliikuta wakati wa kufua, akaikausha juani, akamwekea mezani. Mume akaahidi atakwenda akirudi kutoka Tabora.

Alikwenda Tabora na viatu vipya. Kimoja kilimchuna vidoleni na hakuhisi, kwa kuwa miguu ilikuwa imeshaanza kufa ganzi, dalili nyingine ambayo alikuwa ameielezea kwa kukaa sana garini. Alihudhuria semina hadi siku ya mwisho, bafe na chai zote, kiatu kikiwa juu ya kidonda. Harufu ndiyo iliyomshtua. Alipofikishwa hospitali sukari ilikuwa imepita 20, na vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

Siku nilipokwenda kumtazama wodini, shemeji hakuzungumzia chakula wala soda. Alisema neno moja tu ambalo bado ninalo: “Kila kitu tulikiona, shemeji. Tulikuwa tunasubiri kiwe kikubwa.”

Sisemi kwamba sahani ya bafe peke yake ndiyo iliyomkata vidole. Kisukari kina mambo mengi ndani yake: urithi, umri, kukaa bila kutembea. Baba yake mdogo aliugua ugonjwa huohuo. Wapo wanene wasioupata na wapo wembamba walio nao. Ila kwa mtu mwenye urithi huo, kupitisha mwaka baada ya mwaka kwa kalori mara mbili ya mahitaji yake kunauita ugonjwa uje mapema, na kuzipuuza dalili kunaupa nafasi ya kufanya utakavyo. Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari Afrika hawajapimwa wala hawajui kama wanao. Wengi wao wana maelezo mazuri, kama rafiki yangu.

Mkaguzi amerudi kazini na bado anasafiri. Watu humuuliza sasa anakula nini, wakitegemea kusikia majani na maji moto. Anakula tulacho sisi. Kilichobadilika ni kwamba anapakua yeye, na kabla ya kupakua anatembea. Kwenye bafe huizunguka meza yote mara moja mikono mitupu, aone kuna nini, ndipo achukue sahani ndogo, ile ya matunda. Huanza na mboga hadi nusu ya sahani. Wali au ugali anachukua kiasi cha ngumi yake, na wanga ni wa aina moja tu: akichagua pilau, ndizi zinabaki kwenye bafe. Kipande cha nyama au samaki, basi. Anaketi mbali na meza ya chakula, anakula polepole, kwa sababu tumbo huchukua kama dakika 20 kuufikishia ubongo habari kwamba limeshiba, na mtu anayekula haraka huwa ameshamaliza sahani ya pili kabla habari haijafika. Kwa mama lishe humwambia mapema, chakula kikiwa bado chunguni: “Mama, wali nusu, mboga niongezee.” Ukisema baada ya kupakuliwa, utaona haya kurudisha. Bei mara nyingi inabaki ileile, naye halalamiki. Anasema ni nafuu kuliko daktari.

Chai ya saa nne anakunywa chai. Vitafunwa huviacha, kwa kuwa ameshakula asubuhi. Soda amekwisha kuagana nayo, maji yanatosha. Chipsi akizitamani, na huzitamani, hugawana sahani na dereva. Nyama choma anakwenda na wenzake kama zamani, kwa sababu mtu hawezi kuishi safarini bila watu, lakini humwambia mchomaji robo, na iliyobaki mezani hufungiwa. Raundi ya bia inapomfikia hulipa ya wenzake na kuinua chupa yake ya maji. Wiki za kwanza walimtania sana. Sasa wawili kati yao wanamwiga kimyakimya.

Wenzetu wamejaribu kumsaidia mlaji kwa maandishi: Uingereza tangu Aprili 2022 migahawa yenye wafanyakazi 250 au zaidi hulazimika kuandika kalori kwenye orodha ya vyakula, na Marekani migahawa ya minyororo mikubwa hufanya hivyo tangu 2018. Faida iliyoonekana ni ndogo. Mtu mwenye njaa hasomi tarakimu, na sisi tunaokula chini ya mwembe au kwenye banda la stendi hatuna hata orodha ya kusoma. Kwa hiyo tusingoje karatasi itusaidie. Jicho letu na ngumi yetu vinatosha kupimia, tukiamua kuvitumia kabla ya kukaa.

Nikumbushe jambo moja kwa wanaotumia tayari insulini au vidonge vya kushusha sukari: usipunguze chakula kwa ghafla wala kuruka mlo kwa sababu umesoma hapa. Sukari inaweza kushuka kupita kiasi, na hiyo nayo huua. Ongea kwanza na daktari wako akupangie.

Kwa sisi wengine, kipimo cha kidole hutoa jibu chini ya dakika moja, na vituo vingi vya afya na maduka ya dawa yanacho. Kama una safari mwezi huu, kapime kabla hujapanda basi. Kama mkeo, mumeo au mama yako amekwambia mara mbili kwamba kuna kitu anakiona, usimpe maelezo. Na kama kuna karatasi ya majibu uliyoitia mahali ukasema utakwenda ukirudi, ndugu yangu, nenda nayo hospitali leo.